Jinsi majeshi yanavyowavizia vijana kupitia runinga

Na MWANDISHI WETU

HAPA Kenya, kijana anayetaka kujiunga na Jeshi la Ulinzi (KDF) habembelezwi. Tangazo huchapishwa gazetini likiwa na orodha ya viwanja na tarehe, na siku ikiwadia maelfu ya mabarobaro na vipusa hurauka alfajiri, wakapiga foleni wakiwa na vyeti vyao ndani ya bahasha za kaki. Kazi ya maafisa huwa ni kupunguza umati huo, na kuwaonya wazazi dhidi ya matapeli wanaouza barua bandia za kuitwa mafunzoni Eldoret.

Katika mataifa tajiri mambo ni kinyume kabisa. Nchini Marekani na Uingereza, ambako kuingia jeshini ni hiari na ajira nyingine zipo, jeshi hulazimika kujinadi sokoni sawa na kampuni ya soda au ya viatu. Huajiri mawakala wa matangazo, hununua sekunde 30 hewani kwa bei ghali, na huchunguza ni kipindi gani kinachotazamwa na mvulana wa miaka 17 akiwa sebuleni kwao jioni. Fedha zinazotumika si haba. Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2003 ya afisi inayokagua matumizi ya serikali kwa niaba ya Bunge la Marekani, bajeti ya matangazo ya kusajili makurutu ilipanda kutoka dola milioni 299 mwaka 1998 hadi dola milioni 592 mwaka 2003.

Biashara hii ilianzaje, na kwa nini imezua mjadala usiokwisha kuhusu watoto?

Kutoka shuruti hadi ushawishi

Kwa miongo mingi Marekani haikuwa na haja kubwa ya kuwashawishi vijana wake. Sheria iliwalazimisha. Aliyeitwa alikwenda, na aliyekataa alihatarisha kufungwa jela au kutorokea ng'ambo. Vita vya Vietnam viliufanya utaratibu huo uchukiwe mno, na mwaka 1970 tume iliyoongozwa na Thomas Gates, aliyewahi kuwa Waziri wa Ulinzi, ilipendekeza jeshi la watu wanaojitolea. Mnamo Januari 27, 1973, Waziri wa Ulinzi Melvin Laird alitangaza kuwa vijana hawangeitwa tena kwa lazima.

Jeshi la nchi kavu lilikuwa limeanza kujiandaa mapema. Mwaka 1971 lilitumia zaidi ya dola milioni 10 katika jaribio la wiki 13 la matangazo ya kulipia kwenye redio na runinga, likisaidiwa na wakala N. W. Ayer. Kaulimbiu yake ilikuwa ya kushangaza, kwani ilidai kuwa jeshi la kisasa ndilo lililotaka kujiunga na kijana, wala si kijana kujiunga na jeshi. Maafisa wa zamani walichukizwa. Waliuliza ni lini jeshi liligeuka mposaji.

Kabla ya hapo vituo vya runinga vilikuwa vikirusha matangazo ya jeshi bila malipo, kama huduma kwa umma. Tatizo ni kwamba kitu cha bure hupewa nafasi ya bure. Matangazo hayo yalionyeshwa usiku wa manane au alfajiri, wakati ambapo kijana aliyelengwa amelala au yuko matembezini. Wenye vituo hawakuwa na makosa makubwa, maana saa za jioni ndizo zinazowaletea mkate wao. Jaribio la 1971 lilikuwa la kwanza kuliwezesha jeshi kuchagua saa na kipindi. Hata hivyo, wabunge wenye ushawishi, akiwemo Edward Hébert aliyeongoza kamati ya majeshi katika Bunge la Wawakilishi, walipinga serikali kuvilipa vituo vya utangazaji, na kwa miaka kadhaa iliyofuata mpango huo ukawekwa kando.

Juya na mshipi

Ili kuelewa kinachobishaniwa, yafaa kwanza msomaji afahamu jinsi nafasi hewani inavyouzwa. Kampuni za kupima watazamaji, hasa Nielsen nchini Marekani, hukadiria ni watu wa umri gani na wa jinsia gani wanaotazama kila kipindi. Anayetangaza dawa ya baridi yabisi hununua muda wakati wa habari za jioni, kwa kuwa wazee wako hapo. Jeshi, ambalo shabaha yake kuu ni wenye umri wa kati ya miaka 17 na 24, hufuata michezo, muziki, vichekesho na filamu za mapambano.

Lakini runinga ni juya wala si mshipi. Mvuvi wa juya hukokota kila kilicho mbele yake, wakubwa kwa wadogo. Kipindi kinachotazamwa na kijana wa miaka 19 hutazamwa pia na mdogo wake wa miaka 12, tena pengine mdogo huyo ndiye anayekitazama kwa makini zaidi. Majeshi yamekuwa yakisema kuwa hayawalengi watoto, na kwa maana ya takwimu za ununuzi wa muda huenda yanasema kweli. Wakosoaji nao hujibu kuwa jeshi linafahamu vyema ni nani mwingine aliyemo sebuleni, na kwamba hamu ya kuvaa sare hupandwa miaka mingi kabla ya siku ya kutia sahihi.

Mfano wa matangazo yaliyowakosha watoto ni yale ya kikosi cha Marines, ambacho kilianza kuhudumiwa na wakala J. Walter Thompson mwaka 1947. Kikosi hicho hakikuahidi fedha wala karo. Katika tangazo lake mashuhuri la 1998, kijana anaparamia jabali, anakabiliana na zimwi la moto wa volkano akiwa na upanga, analishinda, kisha anageuka papo hapo kuwa askari aliyevalia sare rasmi za samawati. Hakuna bunduki, hakuna damu, hakuna nchi ya kigeni. Mtu asiyejua angedhani ni tangazo la mchezo mpya wa kompyuta. Mwandishi huyu anakiri kwamba lilitengenezwa kwa ustadi mkubwa, na hapo ndipo penye utata: adui wa kweli si zimwi, naye hufa kweli.

Miaka ya themanini

Jeshi la nchi kavu lilijifunza kazi hii kwa taabu. Mwaka 1979 lilishindwa kufikia lengo lake la makurutu, na wengi wa waliopatikana hawakuwa wamemaliza shule ya upili. Jenerali Maxwell Thurman alikabidhiwa idara ya usajili mwishoni mwa mwaka huo, akaanza kuiendesha kama meneja wa kiwanda anayefuatilia kila takwimu. Chini yake, mwaka 1981, kaulimbiu iliyomtaka kijana awe kila anachoweza kuwa ilianza kusikika kwenye runinga, ikiandamana na wimbo uliotungwa na Jake Holmes. Ilidumu kwa miaka 20.

Matangazo ya kipindi hicho yalimwonyesha askari akiruka kwa parachuti kunapopambazuka, au akinywa kahawa kwenye baridi na wenzake, msimulizi akieleza kuwa watu hawa hufanya mengi kabla ya saa tatu asubuhi kuliko wengine mchana kutwa. Ujumbe ulimhusu kijana mwenyewe, yaani ufundi atakaopata, fedha za chuo kikuu na kujiamini kwake. Vita havikutajwa. Yaliyosalia nje ya sekunde zile 30 yalikuwa kwenye mkataba. Mathalan, ni wachache waliosikia kwenye runinga kwamba anayejisajili nchini Marekani kwa mara ya kwanza hubeba wajibu wa jumla ya miaka minane, ikiwemo miaka ya akiba ambapo anaweza kuitwa tena. Wengi waligundua hayo wakati wa vita vya Iraq.

Mwaka 1999 jeshi hilo lilipungukiwa na makurutu zaidi ya 6,000. Uchumi ulikuwa umenawiri na vijana hawakuwa na haraka. Waziri wa jeshi hilo, Louis Caldera, aliamua kuitupa kaulimbiu ya zamani, na Januari 2001 wakala Leo Burnett wa Chicago akazindua nyingine iliyodai kuwa kila askari ni jeshi peke yake. Tangazo la kwanza lilirushwa wakati wa kipindi cha vichekesho cha Friends, kilichopendwa mno na vijana. Askari wastaafu walilalamika, maana jambo la kwanza mtu kufunzwa kambini ni kwamba hayuko peke yake. Kizazi kilichokusudiwa, hata hivyo, kilisemekana kuogopa kupoteza utambulisho wake, na kaulimbiu iliitibu hofu hiyo.

Kilichokuwa kipya zaidi ni kwamba matangazo hayo yaliwafuata makurutu halisi wakiwa mafunzoni, kwa mtindo wa vipindi vya maisha halisi vilivyokuwa vimeanza kushamiri, kisha yakamtaka mtazamaji aende kwenye tovuti kuona kilichofuata. Runinga ikawa mlango tu. Mnamo Julai 4, 2002 jeshi lilitoa mchezo wa kompyuta wa bure, America's Army, ulioruhusiwa kwa walio na miaka 13 na kuendelea. Mchezo huo ulidumu hadi 2022.

Runinga darasani

Pengine hakuna mahali ambapo suala hili lilijitokeza waziwazi kama shuleni. Kuanzia 1990, kampuni ya Channel One ilizipa shule za Marekani runinga na vifaa vya setilaiti bila malipo. Shule nazo ziliahidi kuwaonyesha wanafunzi kipindi cha habari cha dakika 12 kila siku, dakika mbili kati ya hizo zikiwa za matangazo. Katika kilele chake mpango huo ulifika takriban shule 12,000. Majeshi yalikuwa miongoni mwa waliotangaza humo. Mwanafunzi wa darasani, tofauti na mtazamaji wa nyumbani, hawezi kubadilisha kituo wala kwenda jikoni. Huduma hiyo ilikoma mwaka 2018.

Isitoshe, sheria ya elimu iliyotiwa sahihi na Rais George W. Bush mnamo Januari 2002 ilizitaka shule za upili zinazopokea fedha za serikali kuu kuwapa maafisa wa usajili majina, anwani na nambari za simu za wanafunzi, isipokuwa mzazi akatae. Kwa hivyo kijana aliyelitazama tangazo Jumapili aliweza kupigiwa simu Jumatatu. Mnamo 2012 chama cha wataalamu wa afya ya umma nchini humo kilipitisha azimio la kutaka usajili wa kijeshi ukomeshwe katika shule za umma za msingi na za upili.

Vita vya Iraq vilipochacha, kizuizi kikubwa kilikuwa mama na baba. Mwaka 2005 jeshi la nchi kavu lilipata makurutu 73,373 ilhali lilihitaji 80,000. Likageuza kamera na kuwaelekea wazazi. Katika matangazo hayo mwana ndiye anayemkalisha mzazi wake na kumweleza kwa upole kwa nini ameamua kuingia jeshini. Ni mbinu ya busara kwa upande wa muuzaji. Lakini inaonyesha pia kwamba jeshi lilitambua uamuzi huu haukuwa wa mtazamaji kijana pekee.

Uzalendo wa kulipiwa

Kuna aina nyingine ya tangazo ambayo mtazamaji hawezi kuitambua. Mnamo Novemba 2015, maseneta John McCain na Jeff Flake walitoa ripoti iliyoonyesha kuwa Wizara ya Ulinzi ilikuwa imezilipa timu za michezo ya kulipwa mamilioni ya dola ili kuwaenzi askari uwanjani: bendera kubwa kufunuliwa, askari kusimamishwa na kupigiwa makofi, mwanajeshi aliyerejea kumshtukiza mkewe mbele ya kamera. Ripoti hiyo ilitaja dola milioni 6.8 zilizotumiwa kwa mikataba yenye maonyesho ya namna hiyo. Watazamaji walidhani timu zilikuwa zikionyesha shukrani kwa hiari. Mwaka uliofuata ligi ya kandanda ya Kimarekani, NFL, ilirejesha zaidi ya dola 700,000. McCain, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mfungwa wa vita Vietnam, hakuficha ghadhabu yake.

Uingereza na umri wa miaka 16

Nchini Uingereza mjadala ni mkali zaidi kwa sababu ya umri. Jeshi la nchi hiyo huwapokea vijana kuanzia miaka 16 kwa idhini ya mzazi, na ombi linaweza kuwasilishwa mwombaji akiwa na miaka 15 na miezi saba. Hawapelekwi vitani kabla ya kutimiza miaka 18, na wana haki ya kuondoka kabla ya siku hiyo. Wakiivuka, hesabu hubadilika: miaka minne ya lazima huanza kuhesabiwa mtu anapofika miaka 18, kwa hivyo aliyeingia akiwa na 16 hufungwa kwa muda mrefu kuliko mtu mzima aliyeingia akiwa na 20.

Mwaka 2017 jeshi hilo lilianzisha kampeni ya runinga iliyozungumzia hisia za kuwa na wenzako na kukubalika nao. Mwaka mmoja baadaye matangazo yake yaliuliza iwapo askari anaweza kulia, kuwa shoga, au kusali, na moja likamwonyesha askari Mwislamu akiswali nyikani huku wenzake wakimsubiri kimya. Mengi yalisemwa kuhusu upole huo, wapo walioukejeli na wapo walioupongeza. Jambo lililostahili kuzungumziwa zaidi lilikuwa kwenye waraka wa kampeni uliofichuliwa na gazeti la The Guardian. Waraka huo ulitaja shabaha kuu kuwa vijana wa miaka 16 hadi 24 kutoka matabaka matatu ya chini ya kijamii na kiuchumi. Kijana ambaye babake hana kazi na marafiki zake wametawanyika anapoambiwa kuna familia inayomngoja, hilo si tangazo la kazi tu.

Umoja wa Mataifa ulikuwa umeligusia suala hili mapema. Itifaki ya Hiari kuhusu watoto katika mapigano, iliyopitishwa Mei 25, 2000 na kuanza kutumika Februari 2002, inapiga marufuku kuwalazimisha walio chini ya miaka 18 kuingia jeshini. Inaruhusu majeshi ya serikali kuwasajili walio na miaka 16 au 17 iwapo ni kwa hiari ya kweli, mzazi ameridhia, na mhusika ameelezwa kikamilifu wajibu unaomngoja. Mwaka 2008 kamati ya haki za watoto ya umoja huo iliitaka Uingereza itafakari upya sera yake, na ihakikishe kuwa usajili hauwalengi hasa watoto wa jamii ndogo na wa familia maskini. Uingereza haikuubadilisha umri wake.

Je, matangazo hufanya kazi?

Jibu la moja kwa moja ni kwamba husaidia, ila hayashindi hali ya uchumi. Mwaka 2009, ajira zilipoporomoka duniani, majeshi yote ya Marekani yalitimiza malengo yao na Wizara ya Ulinzi ikautaja kuwa mwaka bora zaidi tangu 1973. Hakuna wakala aliyebuni mdororo huo wa uchumi. Mwaka 2022, ajira zilipokuwa tele, jeshi la nchi kavu lilipungukiwa na watu 15,000 kati ya 60,000 liliowahitaji. Tena uchunguzi wa wizara wa mwaka 2020 ulikuwa umebaini kuwa asilimia 77 ya vijana wa umri unaofaa hawangefuzu bila kuondolewa sharti fulani, kwa ajili ya unene, dawa za kulevya, afya ya akili au mambo mengine.

Machi 2023 jeshi liliirejesha kaulimbiu ya miaka ya themanini, likamtumia mwigizaji Jonathan Majors. Siku chache baadaye mwigizaji huyo alikamatwa na polisi jijini New York na matangazo yakaondolewa hewani upesi. Lengo la mwaka 2024 hatimaye lilifikiwa, na sehemu kubwa ya sifa ikaenda kwa madarasa ya kuwaandaa wasiofuzu, yaliyoanzishwa Fort Jackson Agosti 2022, ambako hufunzwa masomo na kupunguza uzani. Kwa kiasi kikubwa vijana wenyewe wamehama runinga ya kawaida. Fedha zimewafuata kwenye simu, ambako juya limegeuka mshipi, kwani tangazo linaweza kumfikia kijana mmoja kulingana na alichotafuta jana usiku. Julai 2020 pendekezo la mbunge Alexandria Ocasio-Cortez la kuzuia usajili kupitia jukwaa la michezo la Twitch liliangushwa na Bunge la Wawakilishi.

Wakenya na majeshi ya wengine

Suala hili haliko mbali nasi jinsi linavyoweza kuonekana. Kati ya 2009 na 2016 Marekani ilikuwa na mpango uitwao MAVNI, uliowaruhusu wageni wanaoishi huko kihalali kujiunga na jeshi na kupata uraia upesi iwapo walijua lugha zilizohitajika. Kiswahili kilikuwa mojawapo. Wanariadha Paul Chelimo, Shadrack Kipchirchir, Leonard Korir na Hillary Bor, wote wazaliwa wa Kenya, walipitia njia hiyo, wakaiwakilisha Marekani katika Olimpiki za Rio de Janeiro mwaka 2016. Chelimo alitwaa nishani ya fedha ya mita 5,000.

Kenya iliidhinisha ile itifaki ya Umoja wa Mataifa mnamo Januari 28, 2002, na umri wa chini kabisa wa kuingia KDF ni miaka 18. Uingereza nayo, ilipoona uhaba wake hauishi, ilitangaza Novemba 2018 kuwa raia wa Jumuiya ya Madola wangeweza kuomba bila kwanza kuishi huko miaka mitano, hadi watu 1,350 kwa mwaka. Kenya imo katika jumuiya hiyo. Sharti moja liliambatanishwa na tangazo hilo: maombi ya walio chini ya miaka 18 kutoka mataifa hayo hayangepokewa, ili kuepusha hatari ya watoto kusafiri peke yao. Kijana wa Nanyuki mwenye miaka 17 akawa ni mtoto. Mwenzake wa Manchester mwenye miaka 16 aliendelea kuonyeshwa tangazo.